Shangazi wa Basi la Stesheni na Mumewe wa Kipaza Sauti

Ndege ya asubuhi imeshatua. Nje ya mlango wa uwanja wa ndege, madereva wa teksi wanagombea mizigo ya abiria kana kwamba ni ya kwao. Mwanamke mwenye sweta la kijani amesimama kando ya basi lake, mikono nyuma. Hagombani na mtu.

"Stesheni! Anayekwenda kupanda treni, basi ndilo hili," anasema, kwa sauti ya mtu anayewaita wajukuu waje kunywa chai.

Kijana mwenye suti anamuuliza dereva yuko wapi.

"Unaongea naye, mwanangu. Panda."

Abiria wanamwita Shangazi. Basi lake huwachukua wanaoshuka kwenye ndege na kuwafikisha stesheni ya reli, ng'ambo ya mto. Kutoka hapo treni huwasambaza miji ya bara, na mabasi madogo huwamalizia hadi vijijini kwao. Mgeni asiyemjua Shangazi huambiwa na madereva wa teksi pale mlangoni kwamba treni ilishakufa zamani.

Hakuanzia kwenye usukani. Kwa miaka mingi alikuwa kondakta wa basi hilohilo, na dereva alikuwa mumewe.

"Nyumbani nilikuwa nampikia, kazini namkatia watu tiketi," anasema akicheka. "Tulipogombana asubuhi, tulinuniana njia nzima. Abiria ndio waliotusuluhisha."

Kisha macho ya mumewe yakaanza kufifia. Alificha. Mara alisingizia vumbi, mara kioo kichafu. Siku moja darajani Shangazi akapiga ukelele, na basi likasimama hatua chache tu kutoka kwa mama aliyekuwa akivuka na ndoo kichwani. Hakuna aliyeumia. Mume alizima injini, akauinamia usukani.

"Nilimshika bega nikamwambia, baba watoto, inatosha," anakumbuka Shangazi. "Alilia, na mimi nikalia."

Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba walikuwa wamechelewa.

Aliyemfundisha Shangazi kuendesha ni yeye huyo mumewe, akiwa amekaa pembeni, anasikiliza gia. "Usiikwaruze! Hiyo si sufuria!" Leseni ilipopatikana, abiria wengine walimwona Shangazi kwenye usukani wakashuka.

"Mmoja aliniambia, mama, mimi nina watoto. Nikamjibu, na mimi ninao, na jioni nataka kuwarudia. Akapanda."

Mume naye alikaa nyumbani bila kutaka hata redio. Mkuu wa stesheni ndiye aliyeikumbuka sauti yake nzito, akamwita awe mtangazaji wa treni. Mshahara ni wa kununulia sabuni, anatania Shangazi, lakini tangu siku hiyo mzee alianza tena kunyoa ndevu.

Wafanyakazi wa stesheni hawajausahau mchana mmoja wa mvua kubwa. Ndege ilichelewa na barabara ilijaa maji. Ndani ya basi alikuwamo mwanamume aliyekuwa akimrudisha mama yake mzazi kutoka matibabuni. Madaktari walikuwa wamenyoosha mikono. Bibi aliomba jambo moja tu: akalale kwake. Na treni ya kwao ilikuwa ya mchana huo, nyingine mpaka wiki iliyofuata.

Muda wa kuondoka ulipofika, mkuu wa stesheni aliinua bendera. Mtangazaji akatoka chumbani kwake akipapasa ukuta.

"Bosi, subiri. Mke wangu anakuja."

"Umemwona wapi, mzee?"

"Kuona nimewaachia ninyi. Nimemsikia kilimani anabadilisha gia. Nimemfundisha mwenyewe, na bado anaikwaruza!"

Mkuu wa stesheni alicheka, akaishusha bendera. Punde basi likaingia uani, tope hadi madirishani. Shangazi na yule mwanamume walimbeba bibi na kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye behewa, mtangazaji akiwashikia mwavuli.

"Kulia, baba watoto," Shangazi alimwelekeza. "Kulia zaidi! Unamfunika asiyeumwa!"

Mwezi uliofuata mwanamume yule alirudi kupanda ndege. Alimtafuta Shangazi kwanza. Mama yake alifika, akalala kitandani kwake, akawaona majirani wote kabla ya kufumba macho.

"Aliniachia salamu zenu," alisema, akicheka na machozi yakimlenga. "Zako wewe, na za yule mzee wa mwavuli aliyemwacha akaloa."

Katika miaka yote hiyo, Shangazi na mumewe hawajawahi kuipanda treni hiyo. Yeye huwafikisha watu, mumewe huwaaga, basi. Sasa wameomba likizo ya pamoja, waende hadi mwisho wa reli.

"Nitakaa dirishani nimsimulie kila kitu," anasema Shangazi.

"Atanichosha," anasema mumewe, ingawa uso wake unasema mengine. "Vituo vyote navijua kwa majina tu. Nataka nishuke kila kimoja, niwasikie watu wake."

Siku hiyo nani atatangaza treni?

"Mimi mwenyewe," anajibu. "Nikimaliza nitakimbia. Mama watoto anishike mkono tu."