Maji Ndani ya Gorogoro

Nakumbuka asubuhi moja kule Kibirichia, miaka saba imepita, nilipojiona bado kijana kwa sababu nilibeba gunia bila kuita mtu. Shule iliniita mimi, muuzaji viazi wa soko la Gakoromone, nisaidie kuwapima watoto wa gredi ya nne namna wanavyotatua tatizo. Mwanangu, Jumatatu unaanza ualimu, kwa hivyo sikia nilivyokosea.

Kila mtoto alipewa magorogoro matatu, yale makopo ya kupimia, yamejaa viazi. Aonyeshe, bila mizani, kama nyumba tatu, kila moja ikipewa gorogoro moja, zimepata sawa. Wengi walimwaga wakahesabu viazi. Nami nikahesabu nyuma yao, mara mbili. Lakini Kawira alichukua kikombe, akaanza kumimina maji juu ya viazi. Nikaona anaviosha tu. Nikaandika: chini ya matarajio.

Sikujua kwamba nyumbani kwao walishasema hana kichwa, wanangoja ripoti hiyo waseme tena. Mwalimu Karimi, mama aliyebakisha mwaka mmoja astaafu, alijua. Akasoma karatasi yangu, akavua miwani.

"Baba Mwenda, umemwuliza anafanya nini?"

Sikuwa nimemwuliza. Nikainama kwa Kawira, nikauliza.

"Maji inaingia pale kiazi haiko," akasema bila kuniangalia. "Hii imekunywa vikombe vinne, hizo zingine vitatu vitatu. Hii ndiyo iko na viazi kidogo."

Mwanangu, hapo aligusa siri yangu ya sokoni. Miaka ishirini nilipanga viazi vikubwa kwenye gorogoro ili mapengo kati yake yanipunguzie viazi vya kutoa, na wateja wenye macho makali hawakunishika. Mtoto wa miaka kumi kanishika kwa kikombe. Nikayamwaga maji mwenyewe, nikapima upya. Vinne. Vitatu. Vitatu.

Bado nikajaribu kubembeleza: tuandike "anakaribia matarajio", tukutane katikati. Mwalimu akanitazama jinsi mteja anavyotazama kiazi kilichooza. Nikafuta, nikaandika "amezidi matarajio".

Basi, ukiona mtoto anafanya jambo usilolielewa, weka kalamu chini, umwulize kwanza. Wewe umeingia darasani na jibu moja; yeye huenda ana lingine ambalo macho yako hayajawahi kuliona. Mpe nafasi alieleze, ndipo uandike.

Mungu akupe subira ya kuuliza, mwanangu, na akupe darasa la kukushangaza kila muhula.