Kitanda kwa Kitanda

Ayuma, muuza mboga wa Shinyalu, aliwaona akina mama wa kanisa wakiombea watoto wodini, kitanda kwa kitanda. Kwa desturi yao walitaja kwa sauti jina la mtoto, kwao na ugonjwa wake. Ugonjwa wa mwanawe Livondo ungetajwa, mama mkwe wake angewafukuza wote wawili, yeye na mtoto. Na kiongozi wa akina mama hao, Mama Rasoa, alikuwa jirani ya mama mkwe.

"Mama Livondo, tumwombee nini?" wakamuuliza walipofika kitandani pake.

Ayuma akamfunika mtoto kwa leso.

"Malaria."

"Malaria gani hiyo ya mwezi mzima?" mmoja akacheka.

Mama Rasoa akafumba macho. "Bwana, mponye Livondo. Wewe unajua anachougua."

Wote wakaitikia amina isipokuwa Ayuma. Alikuwa akimwangalia Mama Rasoa usoni, akijiuliza kama naye alijua.