Kiti cha Pili Katika Chumba cha Masahihisho

Msahihishaji wa gazeti la jimbo, hili la Kikatoliki linalotoka kila siku, husoma ukurasa wa tanzia kwa sauti. Ndiyo desturi ya gazeti hilo tangu walipochapa jina la mjane mzima wa afya kwenye orodha ya marehemu, akaombewa misani naye ameketi benchi la mbele. Tangu hapo mmoja husoma jina, mwenzake hufuata kwa kidole na kuitika, "Sawa." Mwenzake alistaafu miaka saba iliyopita, na hakuletwa mwingine. Kwa hiyo mzee huyu aliyebaki husoma, huinuka ameshika kiuno, huzunguka meza, huketi kiti cha pili, hupitisha kidole chenye wino, kisha hujiitikia kwa sauti nzito isiyo yake, "Sawa." Wapiga chapa humtania: "Babu, leo mmegombana na mwenzio?" Naye hujibu, "Yeye ndiye mkaidi."

Jumatatu hii jina la nne lilikuwa la mwenzake huyo aliyestaafu. Alilisoma polepole, maana kosa moja tu na kanisa zima lingemwombea mtu mwingine. Akainuka, akazunguka meza, akaketi. Kidole kikasimama juu ya jina, kikarudi herufi ya kwanza, kikasimama tena. Msimamizi wa mtambo akachungulia mlangoni.

"Mzee wangu, tunakusubiri wewe tu. Liko sawa?"

Mzee akainuka, akampisha kile kiti.

"Kaa hapo, mwanangu," akasema. "Mimi nasoma, wewe uitike."