Fundo la Mkono wa Kushoto

Juzi, mwenzangu, nilipita sokoni Rumonge kutafuta ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikanunua na fungu la lengalenga, mchicha wetu, kwa binti mmoja aliyekaa karibu na wauza mawese. Nilipofika kivulini nikalitazama vizuri. Lilikuwa limefungwa kwa ugwe wa mgomba uliozungushwa mara mbili, ncha imerudishwa chini kwa chini upande wa kushoto. Fundo la bibi yangu! Na bibi alizikwa wakati wa Mdachi, mimi bado mtoto.

Bibi, mama wa mama yangu, alikuwa na bustani kandokando ya kijito, karibu na msitu wa Kigwena. Alitukusanya wasichana wa mtaani akatufundisha kupanda lengalenga, nyanya chungu na matembele. Alikuwa mkali! Ukipalilia ovyo unakula kibao cha mgongo, kisha anakupa hindi la kuchoma. Mpaka leo naisikia harufu ya jivu tulilonyunyizia majani kufukuza vidudu.

Kuuza nako kulikuwa na utaratibu wake. Ukibisha hodi asubuhi na mtu haitiki, unaacha fungu mlangoni, unakwenda zako. Kesho yake unakuta malipo palepale, ndagala au chumvi kidogo ndani ya jani.

"Ukishaliweka usiliondoe," alisema bibi. "Mwenyewe yupo."

Halafu yakaja malale. Lo, ugonjwa ule! Watu walisinzia mchana kweupe, tonge mkononi. Mteja anapatana nawe bei, katikati ya neno kidevu kinashuka. Ufukwe mzima ukanyamaza, ukasikia kuku tu. Mafungu yetu yakanyauka milangoni, la jana juu ya la juzi, na bibi bado anatutuma tupeleke mengine.

Siku moja nilimkuta yeye mwenyewe amesimama kwenye tuta, jembe mkononi, macho wazi, hasikii jina lake. Tukamficha. Msaidizi wa daktari kutoka bomani alikuwa anapita akipapasa shingo za watu kutafuta matezi yaliyovimba, dalili ya malale, kwa hiyo bibi akajifunga kitambaa shingoni, katika joto lile! Haikusaidia. Walimpeleka kwenye kambi ya wagonjwa, nyuma ya uzio wa miti, na sisi tukakatazwa kuingia.

Mimi nilimtaka bibi yangu, basi. Kila asubuhi nilipeleka fungu kwenye uzio, nikabisha hodi, kimya, nikaliweka. Kesho yake nakuta chumvi ndani ya jani, limefungwa kwa fundo la kushoto. Yu hai! Nilirudi mbio nikiimba. Mvua zikaja, zikaisha, chumvi haikukosa.

Ndipo mpishi wa kambi akaniona, akaniuliza namletea nani. Nikamwambia.

"Mutoto," akasema polepole, "yule bibi tulimuzika mbele ya mvua kuanza."

Na mkononi nilikuwa na jani la asubuhi ile ile, ugwe wake bado mbichi. Nililitupa nikakimbia, sikurudi tena. Baadaye watu wote wa ufukweni waliamriwa kuhama, bustani ikamezwa na msitu. Nimezeeka nikiogopa kubisha hodi mlango ulio kimya.

Basi juzi nikamrudia yule binti, nikamuuliza nani alimfundisha kufunga hivi.

"Ni mama. Alikuwa mugonjwa kule kambini, akapona. Mule kulikuwa bibi mumoja, anafunga hivi huku anasinzia, akamufundisha. Akamwambia mama: mujukuu wangu iko inje ya uzio, nikilala usimwache aende mikono mitupu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Tulimuzika juzijuzi. Mpaka mwisho alikuwa anauliza, mbona yule mutoto wa mboga aliacha kuja."

Nilikaa chini palepale sokoni nikalia. Kambi imekuwa michikichi, kijito kimehama, na wale wasichana wenzangu sijui hata makaburi yao. Lile fungu sikulipika. Nililipeleka kule ulikokuwa uzio, nikabisha hodi, nikaliweka chini.

Mpaka leo sijathubutu kwenda kutazama.