Tuliombewa Safari ya Fez Kabla ya Tiketi

Kilichoninyima usingizi mwaka ule niliomaliza chuo hakikuwa kazi, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ya mkataba mfupi, wala mapenzi, ambayo sikuwa nayo ya kuninyima chochote. Lilikuwa swali moja tu: mtu akishaingia ndani ya mji mkongwe wa Fez, anatokaje?

Nilikuwa nimesoma sana, na huko kusoma ndiko kulikoniharibu. Nilisoma kwamba mji ule wa Moroko una vichochoro visivyohesabika, vingine vyembamba kiasi kwamba wakikutana watu wawili wanene lazima mmoja arudi nyuma. Magari hayaingii. Mizigo hubebwa na nyumbu, na mwenye nyumbu akikupigia kelele una nafasi ya pumzi moja ya kujibana ukutani. Kuta ni ndefu hata simu hushindwa kujua iko wapi. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likinirudia kitandani, katika chumba nilichopanga karibu na chuo kule Columbus, Marekani, huku vijana wa nyumba ya jirani wakirusha vimpira kwenye vikombe vya bia na kushangilia kama wameshinda vita. Simu ikishindwa kujua iko wapi, mimi nitajua?

Ningekuwa naenda peke yangu nisingehangaika hivyo. Hii si kweli. Ningehangaika vilevile, ila kwa ajili ya mtu mmoja. Sasa nilikuwa nampeleka dada yangu.

Dada yangu aliishi Louisville, mji wetu wa kwanza Marekani, akifanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Mimi namwita yaya, kama wanavyoitwa wakubwa kwetu Uvira. Ndiye aliyenishika mkono kutoka Uvira hadi Bujumbura, kutoka Bujumbura hadi kambi ya wakimbizi, na kutoka kambini hadi ndani ya ndege, ambako alinifundisha kufunga mkanda wa kiti, jambo alilokuwa amelijua muda mfupi tu kabla yangu.

Kule ghalani, saa ya mapumziko, alikuwa akikaa meza moja na mama wa Kimoroko mzaliwa wa Fez. Waliongea Kifaransa kwa sababu Kiingereza kiliwachosha wote wawili. Yule mama alimwonyesha kwenye simu mashimo ya kutia ngozi rangi, duara baada ya duara, moja la njano, moja jekundu, na watu wamesimama ndani hadi magotini. Alimwonyesha watoto wakibeba unga uliokandwa juu ya ubao kwenda kuuokea kwenye tanuri la mtaa. Yaya akaziomba zile picha. Kisha akaanza kunitumia mimi, moja moja, bila maneno.

Siku ya mahafali yangu, nikiwa ndani ya joho na nimejaa ukarimu wa mtu asiyejua mshahara wa kwanza utatoka wapi, nilimwambia, "Yaya, mwaka huu nakupeleka Fez."

"Kufanya nini?"

"Matembezi."

"Hakuna mgonjwa kule? Hakuna msiba?"

"Hakuna. Matembezi tu."

Akairekebisha kofia yangu ya mahafali ambayo haikuwa imepinda. "Miye nilisafiri sana, papa," akasema. Papa ndilo jina la mapenzi analoniita tangu utotoni. "Lakini kila safari kulikuwa kitu nyuma yetu. Nataka siku moja nifunge valizi ya nguo, nifunge mlango, niende, nirudi, nikute sufuria zangu palepale."

Ahadi ilikuwa hiyo. Nauli tulikuwa tumeshaiweka akiba. Kilichobaki ni kununua tiketi, na hapo nikakwama kiangazi kizima.

Juni ilikuwa Ramadhani, na sikutaka sisi Wakristo twende kutafuna mkate mbele ya watu waliofunga. Julai na Agosti, joto. Oktoba ilionekana nzuri mno, nikaitilia shaka. Tulale ndani ya mji mkongwe? Tutapotea. Tulale nje, kwenye hoteli kubwa? Tutakuwa tumevuka bahari kwenda kutazama maegesho ya magari. Halafu kulikuwa na suala la pasipoti. Tulikuwa tumeshapata uraia na zile pasipoti za bluu, lakini kwa mujibu wa serikali mimi na yaya tulizaliwa Januari mosi wote wawili, miaka tofauti, kama nusu ya watu wa kambi yetu, kwa sababu karani wa kambini hakuwa na subira na watu wasiojua tarehe zao. Nilijiona mbele ya askari wa uwanja wa ndege nikieleza. Niliandaa maelezo hayo kwa Kifaransa. Nikayaandaa na kwa Kiarabu, ambacho sikijui.

Nikaamua nifanye mazoezi ya kupotea. Ofisi yangu ilikuwa Hilliard, kitongoji cha magharibi mwa Columbus chenye nyasi zilizonyolewa kama vichwa vya wanajeshi. Siku moja baada ya kazi nilizima simu, nikaingia mitaani, nikageuka kushoto na kulia bila mpango ili nione kama nitapata njia ya kurudi. Wazo lilikuwa zuri. Nilichosahau ni kwamba Fez angalau kuna msikiti hapa, kisima pale, fundi wa shaba anayegonga. Hilliard kila nyumba ilikuwa dada pacha wa nyumba iliyotangulia, na kila barabara ilijikunja ikaishia kwenye duara la nyumba nyingine za aina ileile. Nilipita mbele ya sanduku moja la barua, lililochorwa bata, mara tatu. Mzee aliyekuwa akitembeza mbwa alinitazama mara ya kwanza, akanisalimu mara ya pili, na mara ya tatu akasema, "Kijana, unatafuta nini?"

"Kituo cha basi."

"Umetoka huko."

Nilimpigia yaya kumsimulia, nikidhani atanihurumia. Alicheka hadi simu ikamwanguka. "Donc, yaani umepotea Hilliard? Hilliard, mahali hata kuku hawezi kupotea?"

"Ndiyo maana naogopa Fez, yaya."

"Weye unafikiriaka sana. Ulikufa?"

"Hapana."

"Ulilala nje?"

"Hapana."

"Bon, sawa. Nunua tiketi."

Sikununua. Mwanzoni mwa Septemba, wikendi ile ndefu ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, tulikutana Buffalo kwa mama mdogo wetu. Mama mdogo hutunza wazee kwenye nyumba ya wazee siku za kazi, na Jumapili hutunza kanisa zima. Tulikwenda kula, kulala, na kumsikiliza akilalamika kuhusu theluji ambayo ilikuwa bado haijaanguka. Yaya, akimenya ndizi jikoni, akamwambia habari za Fez. Hakumwambia kwamba tiketi hatuna. Kwa nini amwambie? Kichwani mwake, mdogo wake msomi alikuwa ameshaahidi.

Sasa, kwetu hakuna mtu anayesafiri bila kuombewa. Msafiri huitwa mbele, wazee huweka mikono, kwaya huimba wimbo wa kuaga, na baada ya hapo wewe umeshaondoka, hata kama gari bado halijawashwa. Jumapili ile, kati ya matangazo na sadaka, mama mdogo alisimama. Nilimwona akisimama nikajua, kama mtu anavyojua glasi itaanguka.

"Watoto wangu hawa," akasema, "wanaenda Moroko. Hawakimbii vita. Hawaendi kuzika. Wanaenda kuangalia!"

Kanisa likapiga vigelegele. Tuliitwa mbele. Nilipiga magoti nikiwa na mikono mingi kichwani, mmoja ukinuka mafuta ya kukaanga, na mchungaji akakabidhi kwa Mungu ndege yetu, marubani wetu, mizigo yetu na hata nyumbu, maana yaya alikuwa amesimulia kila kitu jikoni. Nikafumbua jicho moja. Yaya alikuwa analia, lakini si kilio ninachokijua. Alikuwa ameinua uso kama mtu anayenyeshewa mvua baada ya joto.

Mtu alipiga picha. Kabla hatujamaliza wali wa mchana, picha ilikuwa imefika Louisville na Columbus kwenye makundi yote ya WhatsApp ya makanisa yetu, na chini yake watu wameandika Safari njema, Safari njema, Mungu awe nanyi.

Kwa hiyo nilirudi Columbus nikiwa mtu aliyesafiri. Sikuweza kwenda kanisani. Jumapili ya kwanza nilikaa chumbani nikijiambia kuwa nina mafua, na nikiwa peke yangu nilikohoa kidogo ili isiwe uongo. Jumapili ya pili nilifikiria kwenda kwa Walutheri. Nikipita Morse Road, mahali palipo maduka yetu ya vyakula, nilivuta kofia hadi kwenye nyusi.

Wiki iliyofuata, Jumatano, yaya akapiga. Hakuwa anacheka.

"Msimamizi anataka tarehe," akasema. "Nikimpa kabla ya Ijumaa jioni, wiki ya mwisho ya Oktoba ni yangu. Nisipompa, anampa mwingine. Baada ya hapo ni vifurushi vya Krismasi, hakuna mtu anapata ruhusa. Na mwaka ukiisha, likizo yangu inafutwa."

"Nimebakiza kuangalia mambo machache, yaya."

"Gani?"

Nilikuwa nayo mengi, lakini nilipoyatamka yalisikika kama mambo ya mtu mwingine, mtu asiye na akili sana. Nikasema, "Naogopa tutapotea. Naogopa nitakupoteza mule ndani."

Kwa mbali nilisikia mikanda ya mashine za ghalani ikinguruma.

"Papa," akasema, "miye nilipotea na weye mgongoni, usiku, bila kujua mto uko upande gani. Kule ndiko kupotea. Kupotea na tiketi ya kurudi mfukoni, bon, hiyo ni matembezi. Kengele imelia. Ijumaa."

Alhamisi nikalinganisha mashirika ya ndege. Nikayalinganisha tena.

Ijumaa baada ya kazi niliishiwa chakula. Nikashuka kwenye basi Morse Road, nikaingia duka la Waafrika nikiwa nimeinamisha kichwa, nikachukua sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa na kugandishwa, pamoja na ndagala, dagaa wa kwetu, na nilipogeuka nikagongana uso kwa uso na mama shemasi wa kanisa letu, amekumbatia mfuko wa unga wa fufu kama mtoto mchanga.

Alinitazama juu, akanitazama chini.

"Weye si uko Moroko?"

Nilipata majibu matatu kwa wakati mmoja na yote yalikuwa mabaya. Nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umerudi lini?"

"Mama, bado..."

"Bado nini? Bado kurudi?" Akamgeukia mwenye duka. "Angalia huyu. Tulimwombea. Picha niliiona. Mpaka nyumbu aliombewa!"

Mwenye duka, Mghana asiyejua Kiswahili, alitikisa kichwa kwa huzuni kama ameelewa.

"Na dada yako?" mama shemasi akauliza, kwa sauti ya chini sasa. "Yeye alienda?"

"Hapana, mama. Ananingoja mimi."

Alihamisha unga kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akanitazama tu, na nikauona uso wa yaya umeinuliwa pale Buffalo. Nikalipa, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la kituo cha basi na mfuko wa sombe magotini.

Basi likaja. Dereva akafungua mlango, akanisubiri. Nikamwashiria aende. Nikafungua simu, nikachagua wiki ya mwisho ya Oktoba, watu wawili, kwenda na kurudi. Tarehe ya kuzaliwa: Januari mosi. Msafiri wa pili: Januari mosi. Mashine haikuuliza swali lolote. Nikachagua nyumba ya wageni ndani kabisa ya mji mkongwe, ile ambayo wageni wote walioandika maoni walilalamika kwamba ni ngumu kuipata, kisha wakaapa kwamba wasingekubali kulala kwingine. Kidole kilisita juu ya kitufe. Sombe ilikuwa imeanza kuyeyuka na maji yanapenya kwenye suruali. Nikabonyeza.

Nilimtumia yaya picha ya tiketi, bila maneno, kama alivyozoea kunitumia. Jibu lake lilikuja haraka, akiwa kazini ambako simu hairuhusiwi: "Nimempa msimamizi." Na baadaye kidogo: "Sufuria naziacha juu ya jiko."

Nikarudi dukani. Mama shemasi alikuwa bado anabishana na Mghana kuhusu bei ya mihogo, kila mmoja kwa lugha yake.

"Mama, tunaondoka mwisho wa Oktoba. Nimenunua sasa hivi. Mnaweza kutuombea tena Jumapili?"

"Tena?" Alishangaa kweli. "Tulishaomba. Yenye kuombwa haiombwi mara mbili, utamchosha Mungu." Kisha akaweka unga chini, akavua kiatu cha kulia, akamnyang'anya mwenye duka kalamu. "Wanasema kule kuna viatu vizuri vya ngozi, vya njano. Chora."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya duka, nikatandaza risiti yangu, ikawa fupi, nikaongeza karatasi ya kufungia samaki. Mama shemasi akakanyaga. Nikaizungusha ile kalamu kando ya unyayo polepole, kisigino, kidole gumba, vidole vidogo, yeye akinishika kichwa ili asianguke.