Uso Uliokuwa Kivulini

Mama Picha, mpiga picha za harusi za watu ambao leo ni wakwe, kila picha huihifadhi ghafi, vile vile kamera ilivyoiona, hata ikila nafasi. Binti wa kaka yake humtania: "Shangazi, zibane basi ziwe ndogo, kompyuta imevimbiwa." Naye, akifuta lenzi kwa upindo wa gauni, hujibu: "Ukibana, kinachotupwa hakirudi, mwanangu."

Juzi alikuja mjane. Katika picha pekee ya mumewe akicheka, aliyopigwa na Mama Picha harusini, uso ulikuwa umemezwa na kivuli. Mama Picha akaifungua ile ghafi, akapandisha mwanga taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala, mpaka pengo la jino likaonekana.

"Ndiye," mjane akanong'ona.

Mama Picha akainuka, akamwachia binti wa kaka yake kiti. "Keti wewe, uyatoe na macho yake kivulini. Mimi sasa hivi sioni vizuri."