Ndiyo ya Kipaza

Kaka yangu Kipaza ni mtoto wa mjomba, lakini tumekua tukila sahani moja. Mama yangu, ambaye yeye humwita shangazi, ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Sauti alizaliwa nayo. Ujana wake aliumalizia juu ya gari la matangazo, akizunguka mitaani kutangaza mechi, sabuni na misiba, na watu wakampenda mpaka wakampa ubunge. Sera zake? Usiniulize. Mimi nilimpigia kura kwa sababu ni kaka, na nyumba kwa nyumba nikamwombea.

Mama kazi yake ni kulea watoto wa watu. Asubuhi akina mama wanaokwenda kazini humwachia wachanga sebuleni, jioni huwafuata wameoga na wameshiba. Siku Kipaza aliposimama bungeni kuchangia muswada wa malezi ya watoto wadogo, Mama aliwasha televisheni na kuita majirani.

"Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja mia kwa mia!" alinguruma kaka yangu. Akawasifu walezi wa mitaani, akamtaja hadi shangazi yake. Mama alipiga makofi mpaka watoto wote wakaamka, ikawa vilio mtindo mmoja. Wanaoafiki walipoulizwa, "ndiyo" ya Kipaza ilifunika zote.

Haukupita muda, afisa wa ustawi akapiga hodi. Alikuwa mstaarabu, hata maji ya kunywa aliyakataa kwa aibu. Sheria mpya, alisema, inamtaka mlezi awe na cheti cha chuo, na watoto walelewe kwenye jengo ambalo halikaliwi na familia. Mama hana hiki wala kile. Akaambiwa afunge mwezi ukiisha.

Mimi nilichemka. Mama wala hakutikisika. "Mwanangu hawezi kupitisha kitu asichokijua," alisema. "Ana sababu. Aje atueleze." Akawaalika akina mama wote Jumamosi, kisha akampigia simu Kipaza.

Alikuja na suti mpya. Maskini, alidhani ameitwa kupongezwa. Akina mama walikuwa wameshakaa uani wakimngoja. Mama akamvuta kwanza sebuleni, akarudishia mlango. Mimi nilikuwa humo, nimempakata mtoto aliyekuwa na homa.

"Baba, kabla hujatoka nieleze mimi kwanza, nisije nikaonekana mjinga mbele yao. Hayo mambo ya cheti na jengo mliyaweka kwa nini?"

Kipaza alinitazama. Nikamkazia macho.

"Ni usalama, shangazi," alisema. "Usalama wa watoto."

Mama aliketi. Akatazama mikeka, akatazama birika la chai pale mezani. "Kumbe," alisema taratibu. "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nawahatarisha watoto wa watu."

Hapo kaka yangu alilowa jasho. "Hapana, shangazi. Usiseme hivyo." Ile sauti ya kujaza uwanja ilikuwa haifiki hata dirishani. "Sikusoma. Nilisoma jina la muswada na ukurasa wa mbele. Tuliletewa makabrasha mazito, nikaona wenzangu wamekubali, na mimi nikakubali."

"Hukusoma."

"Sikusoma."

"Na mimi ukanitaja."

"Nikakutaja."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimwonea aibu yeye, na nilijionea aibu mimi niliyezunguka kumnadi. Mama akainuka na kujifunga upya kitambaa cha kichwa.

"Hilo usimwambie mtu," alisema. "Wale pale nje nimeshawaapia kwamba umesoma."

Akatoka. Tulimsikia akikohoa, kama afanyavyo akitaka kusema jambo zito.

"Wanangu, Mheshimiwa amenieleza. Kosa ni langu. Nyumba yangu haikuwa salama kwa watoto wenu, na sheria imeliona hilo. Nisameheni sana."

Mmoja wao akaanza kulia. Mwingine alisema, "Lakini mama, mwanangu hajawahi hata kuchubuka hapa," na Mama akamnyamazisha.

"Nenda ukaseme," nilimwambia kaka yangu. "Nenda sasa hivi."

Kipaza aliushika mlango. Aliushika hivyo hivyo, bila kuufungua, mpaka tukawasikia akina mama wakiagana.